Mjomba, Rehani, Mshenzi: Kusoma Riwaya ya Gurnah Tukiwa Butembo

Utangulizi

Kwetu utumwa husomwa zaidi katika historia kuliko katika fasihi. Mwanafunzi wa sekondari ya Butembo au Beni hujifunza jina la Tippu Tip, miji ya Nyangwe na Kasongo, na vita vya 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili. Akishafaulu mtihani, mambo hayo hubaki daftarini. Yanaonekana ni ya watu wengine, wa Maniema au wa pwani, na ya wakati uliopita.

Makala hii inapendekeza njia nyingine ya kulikabili suala hilo: kusoma riwaya, na kuisoma kama wanafunzi wa lugha. Riwaya yenyewe ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 1994. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana, akaandika kwa Kiingereza, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Mwaka 2022 riwaya hii ilitoka kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam.

Hapa nafanya kazi na matini ya Kiingereza kwa makusudi. Nataka tupite kwanza pale anapopita mtafsiri: tukutane na neno, tujiulize Kiswahili kingelisemaje, na tuone kila chaguo lina gharama gani. Atakayekuwa na Peponi mkononi ataweza kulinganisha baadaye. Hoja yangu ni kwamba katika riwaya hii minyororo huonekana kwa nadra, na utumwa umefichwa katika namna watu wanavyoitana. Maneno hayo ya kuitana ni ya Kiswahili kabla ya kuwa ya Kiingereza, na mengi kati yake bado tunayo midomoni. Kwa hiyo kuisoma riwaya hii hapa kwetu ni kuulizwa jambo kuhusu usemi wetu wenyewe.

1. Hadithi kwa ufupi

Yusuf ana umri wa miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji ulio kwenye njia ya reli, katika nchi iliyokuwa koloni la Wajerumani, na biashara haiendi. Mara kwa mara huja mgeni tajiri, Aziz, ambaye mtoto amefundishwa kumwita kama ndugu wa wazazi wake. Siku moja Yusuf anaambiwa kwamba atasafiri na mgeni huyo. Wanapanda gari la moshi hadi pwani. Huko anawekwa dukani, analala barazani pamoja na kijana aitwaye Khalil, na Khalil ndiye anayemweleza ukweli: baba yako anadaiwa, na wewe uko hapa kwa sababu ya deni.

Nyuma ya duka kuna bustani nzuri yenye ukuta, inayotunzwa na mzee mtumwa, Mzee Hamdani. Baada ya miaka kadhaa Yusuf anachukuliwa katika msafara wa biashara kwenda bara, hadi ng'ambo ya ziwa kubwa, kwa mtawala aitwaye Chatu. Chatu anaushika msafara na kunyang'anya mali, hadi anapofika Mzungu mwenye askari na kuamuru irudishwe. Yusuf anarudi pwani, anampenda Amina, dada wa Khalil wa kulelewa, ambaye sasa ni mke mdogo wa Aziz. Mwishoni vita vya 1914 vimekaribia. Jeshi la Wajerumani linapita likikamata vijana, na Yusuf, aliyekuwa amejificha, anatoka na kulikimbilia.

Msomaji wa Biblia au wa Kurani anaitambua mara moja hadithi ya Yusufu aliyeuzwa na ndugu zake, akaingia katika nyumba ya tajiri, akatamaniwa na mke wa mwenye nyumba. Gurnah anaitumia wazi, hata shati linalochanwa kwa nyuma limo. Lakini Yusufu wa vitabu vitakatifu anapanda hadi kuwa mtu mkubwa wa Misri na kuwaokoa wazazi wake. Yusuf wa riwaya hii hapati nafasi ya kuwaokoa wake.

2. Mjomba

Neno la kwanza la kuchunguza ni lile ambalo Yusuf anamwitia Aziz. Kiingereza hutumia uncle, Kifaransa oncle, na lugha hizo mbili haziulizi zaidi. Kiswahili kinauliza: ni wa upande wa mama au wa baba? Ndugu wa kiume wa mama ni mjomba. Ndugu wa baba ni ami au amu huko pwani, na baba mdogo au baba mkubwa kwetu. Mtafsiri hana njia ya kukwepa, na hakuna chaguo lisilo na maana yake. Akisema baba mdogo, Aziz anaingia katika ukoo wa baba, yaani ukoo wenye haki juu ya mtoto. Akisema ami, anasikika mtu wa pwani, na neno hilo hutumika pia kwa heshima kwa mtu asiye ndugu. Akisema mjomba, analeta picha ya ndugu mpole ambaye mpwa humkimbilia. Katika hadithi hii upole huo ndio mtego.

Khalil anapomsahihisha Yusuf, anamkataza kutumia jina hilo. Tajiri huyu si ndugu yako, anamwambia, mwite seyyid. Kwa mtazamo wa pragmatiki, tukio hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Hakuna aliyepigwa wala kufungwa. Kilichobadilika ni neno moja la kumwitia mtu, na kwa badiliko hilo mtoto anafahamu kwamba safari ile haikuwa ya kutembea kwa ndugu. Jina la undugu lilikuwa limefunika uhusiano wa mali, na Khalil amelifunua.

Sisi Wakongo tuna sababu ya pekee ya kusimama hapa. Katika Kilingala mjomba ni noko, na Wabelgiji waliotutawala waliitwa, na hadi leo huitwa, banoko. Mtu aweza kulichukua kama utani, na kweli huwa utani. Hata hivyo ni utani uleule wa riwaya: yule anayechukua kazi yako na mazao yako unamwita kwa jina la ndugu wa mama yako. Gurnah anatusaidia kuona kwamba lugha ya ukoo inaweza kutumiwa na pande zote mbili. Mwenye nguvu huitumia kulainisha anachofanya. Asiye na nguvu huitumia kumkumbusha mwenye nguvu kwamba ndugu ana wajibu.

Jambo hili halikuishia katika ukoloni. Katika mitaa yetu ya Butembo kuna watoto waliotolewa kijijini na mtu anayeitwa mama mdogo au shangazi, kwa ahadi kwamba watasoma mjini. Wengine wanasoma kweli, na wamefika mbali kwa msaada huo. Wengine huamka kabla ya wote, huchota maji, huosha vyombo, hubeba sinia la maandazi hadi sokoni, na daftari hawalioni. Hakuna anayesema kwamba huyo ni mtumishi, kwa sababu mtumishi hulipwa. Husemwa kwamba ni mtoto wa nyumbani. Sisemi kwamba hali hiyo ni sawa na ya Yusuf kwa kila jambo. Ninasema kwamba neno la undugu linafanya kazi ileile: linazuia swali lisiulizwe.

3. Rehani

Je, Yusuf ni mtumwa? Wanafunzi wenzangu niliojadiliana nao walijibu kwa njia mbili, na ubishi wenyewe una faida. Kiswahili kina neno linalofaa hali yake kabisa: rehani. Rehani ni kitu unachomwachia anayekudai mpaka ulipe. Mtu huweka rehani saa, shamba, mapambo. Katika riwaya kilichowekwa ni mtoto.

Tofauti kati ya mtumwa na rehani ilikuwa muhimu kisheria na kijamii katika sehemu nyingi za Afrika. Mtumwa alinunuliwa, alitekwa au alizaliwa utumwani. Mtu aliyewekwa rehani alibaki na ukoo wake, na kwa nadharia alirudi deni lilipolipwa. Neno "kwa nadharia" ndilo lenye uzito. Kazi ya mtoto huyo kwa kawaida haikupunguza deni: ilihesabiwa kuwa faida ya mkopeshaji, na deni lilisimama pale pale. Baba asipopata fedha, mtoto alikua, akazeeka, na mpaka kati ya rehani na mtumwa ukafutika.

Gurnah anaonyesha hatua za kufutika huko kwa watu watatu. Yusuf ndiye mgeni zaidi, bado anawakumbuka wazazi wake. Khalil amekaa miaka mingi zaidi. Amina alitekwa akiwa mtoto mdogo, akaokolewa na baba yake Khalil na kulelewa kama binti, kisha yeye na Khalil wakatolewa kwa Aziz kwa ajili ya deni. Aziz alipomwoa Amina, deni likahesabiwa limekwisha. Khalil angeweza kuondoka, lakini hakuondoka, kwa sababu aliyelipia deni hilo ni Amina, na bado yumo ndani. Hapa msomaji anapaswa kuuliza kuhusu neno mke. Katika nyumba hiyo Amina ni mke, ni malipo, na ni mtu aliyeibwa, na lugha imechagua kumtaja kwa lile neno la heshima peke yake.

Kisheria pia hali ilikuwa ya utata. Wajerumani hawakuufuta utumwa kabisa katika koloni lao la Afrika ya Mashariki. Walizuia biashara ya kuuza watu, wakatoa amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, lakini waliokuwa watumwa wakabaki. Kufutwa kikamilifu kulikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza, katika nchi iliyokuwa imeitwa Tanganyika. Kwa hiyo wakati Yusuf anasafiri kwa gari la moshi, chombo cha kisasa kuliko vyote vya nchi ile, kumiliki mtu bado ni jambo linalokubalika na serikali. Usasa na utumwa vilisafiri katika behewa moja.

4. Mshenzi na mungwana

Suala la rangi na asili limewekwa katika riwaya kwa namna inayomsumbua msomaji anayetafuta upande mmoja wa wema. Khalil ni Mwarabu, na ni rehani wa Mwarabu. Yusuf anaitwa Mswahili. Kuna Wahindi, yuko Kalasinga ambaye ni Singasinga mwenye lori, wako Wajerumani ambao wote wanawaogopa. Kila mmoja ana simulizi la kuwadharau wengine, na mara nyingi husimuliwa kwa kicheko. Chini kabisa ya ngazi hiyo ya maneno wamewekwa watu wa bara, na kwa ajili yao Gurnah ameliacha neno la Kiswahili bila kulitafsiri ndani ya Kiingereza chake: washenzi.

Watu wa msafara hulitumia neno hilo kwa urahisi, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Washenzi ni wale wasiovaa kama sisi, wasiosali kama sisi, wasiosema kama sisi. Neno hili lilikuwa na kazi katika biashara. Aliyeitwa mshenzi angeweza kupunjwa, kutishwa au kuchukuliwa bila aibu. Kinyume chake pwani walikuwa na maneno mawili. La kwanza ni uungwana, hali ya muungwana, mtu aliyezaliwa huru na mwenye adabu. La pili ni ustaarabu, lililotokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kujifanya Mwarabu. Mwanafunzi anayeandika leo kwamba jamii fulani haina ustaarabu anapaswa kujua neno lake limetoka wapi.

Hapa msomaji wa Butembo anafika mahali pagumu. Msafara wa Aziz unavuka ziwa kuja upande wetu. Tukifuata ramani ya riwaya, sisi ndio tuliosimama kwa Chatu, tukiwatazama wageni wakishuka na mizigo. Tukifuata lugha tunayosomea, tuko na msafara. Kiswahili chetu hakikuteremka kutoka mbinguni. Kilipanda na njia za pembe za ndovu na watumwa, kikafika Maniema, kikashuka na mto hadi Kisangani, kikaingia msituni. Mwaka 1887 Stanley, alipokuwa akikata msitu wa Ituri kuelekea Ziwa Albert, alikuta humo kambi za watu wa Maniema chini ya Ugarrowwa na Kilonga-Longa. Ni msitu uleule ambao Beni imekaa ukingoni mwake.

Tena lugha hiyo ilipewa jina linalobeba historia yote hii: Kingwana. Mwaka 1928 wamisionari John Whitehead na L. F. Whitehead walichapa kitabu cha kufundishia kwa jina hilo, Manuel de Kingwana, huko Wayika. Kingwana ni lugha ya wangwana. Wangwana ndilo jina ambalo wapagazi na askari wa misafara ya kutoka Zanzibar walijiitia, na maana yake ni watu huru. Lakini wengi wao kisheria walikuwa watumwa, au watumwa walioachwa huru. Walijipa jina la uungwana kwa sababu walikuwa mbali na nyumba za mabwana, na kwa sababu mbele yao kulikuwa na watu ambao wangeweza kuwaita washenzi. Baadaye vijana wa Maniema waliotekwa au kujiunga na misafara walijifunza mavazi, dini na lugha hiyo, nao wakawa wangwana. Huko Maniema na Kisangani jina hilo limebaki kwa jamii za Kiislamu za asili hiyo.

Kwa hiyo jina la zamani la lugha yetu ni dai la uhuru lililotamkwa na watu ambao uhuru wao ulikuwa na mashaka. Wapo wanaoona aibu juu ya Kingwana na kusema tusome Kiswahili bora tu. Mimi naona jina hilo ni hati ya historia inayostahili kusomwa kwa uangalifu kama hati yoyote ya nyaraka.

Bado kuna swali lingine, na hili ni letu peke yetu. Mushenzi ni tusi kali sokoni kwetu. Akiitwa hivyo, mtu huacha kupima mchele na kuanza ugomvi. Tumekataa kuwa washenzi. Je, neno limekosa pa kwenda? Msikilizeni mwanakijiji wa eneo la Beni akizungumza juu ya Bambuti. Mara nyingine utamsikia akisema "Bambuti wangu", kama anavyotaja mbuzi. Utasikia kwamba hawajui kuhesabu, kwamba chumvi na nguo kuukuu zinawatosha kwa kazi ya siku nzima shambani. Ngazi ya msafara imebaki, sisi tumepanda kidaraja kimoja tu. Darasa linaloweza kumhukumu Aziz kwa dakika tano linapaswa kutenga dakika nyingine tano kwa sentensi hiyo.

5. Uhuru kama zawadi

Fasihi ya Kiswahili ilikuwa imeligusa suala la utumwa mapema. Mwaka 1934 kilitoka Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kitabu kinachosimulia kutekwa kwa watu, meli za Waingereza zilizowaokoa, na maisha yao Freretown karibu na Mombasa, kituo kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875. Ni kitabu cha thamani, kwa sababu mwandishi alitoka katika jamii hiyo ya walioachwa huru. Lakini muundo wake wote umejengwa juu ya shukrani. Mwarabu anateka, Mwingereza anafungua, Mwafrika anashukuru. Uhuru unakuja kutoka mkononi mwa mtu.

Riwaya ya Gurnah inamjibu, bila kumtaja, kupitia Mzee Hamdani. Mzee huyu alikuwa mali ya bibi mwenye nyumba, na bibi alitaka kumpa uhuru. Mzee hakuondoka. Yusuf anapomuuliza sababu, mzee anajibu kwa namna inayomwacha kijana kimya: uhuru si kitu ambacho bibi alikuwa nacho hata aweze kukitoa. Mtu anaweza kukufungia, kukutumikisha, kukuchukulia kila kitu, na bado hajapata kile alichozaliwa nacho mwenzake.

Jibu hili limewagawa wasomaji. Wengine wanaona hekima. Wengine wanaona mzee aliyezoea pingu na kuzipamba kwa maneno, maana kwa vyovyote anaendelea kumwagilia bustani isiyo yake. Nadhani Gurnah amekusudia tubaki katikati. Kilicho wazi ni kwamba anakataa sarufi ya kitenzi kupa. Katika "alimpa uhuru" kuna mtendaji, kuna mpokeaji, kuna kitu kilichohama. Mzee anasema hakuna kilichohama.

Wakongo tunaijua sarufi hiyo. Mwaka 1889 na 1890 mataifa yalikutana Brussels kwa mkutano wa kupinga biashara ya watumwa, na Leopold II alijionyesha kuwa mkombozi. Vita dhidi ya Waarabu vilielezwa Ulaya kuwa vita vya kuwakomboa Waafrika. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walishindwa, na katika miaka hiyohiyo vijiji vya Dola Huru vilikuwa vikilazimishwa kukusanya mpira na kubeba mizigo ya serikali. Katika riwaya, Mzungu anayefika kwa Chatu anamrudishia Aziz mali yake, na hakuna mtu wa nchi ile anayeulizwa maoni yake. Aliyekuja kuamua ugomvi alikuja pia kuchukua nchi.

Wala kubebeshwa mizigo si jambo la vitabu kwa majirani zetu. Katika eneo la Beni, ambako raia wameuawa kwa wingi tangu Oktoba 2014, baadhi ya waliotekwa na kutoroka wamesimulia jinsi walivyolazimishwa kubeba vitu vilivyoporwa, siku hadi siku, ndani ya msitu. Mwanafunzi aliyesikia ushuhuda kama huo nyumbani hatasoma sura za msafara kama utalii. Atauliza kwanza wapagazi wanaitwa nani, nani kati yao amepewa jina, na nani amekufa njiani bila mwandishi wala bwana kumtaja.

6. Mkalimani

Nimalizie na mtu ambaye wanafunzi wa isimu hawapaswi kumpita. Msafara unapofika kwa Chatu, mazungumzo yote hupita kwa mkalimani, Nyundo. Chatu anawalaumu wageni: mfanyabiashara mwingine alikwisha kuja kabla yao, akachukua mali na kuondoka bila kulipa, na watu wa aina yao ndio walioleta balaa. Lawama hiyo inawafikia Aziz na watu wake kwa kinywa cha Nyundo, nao hawana njia ya kuhakikisha kwamba ameisema yote, au kwamba hakuongeza yake. Nasi wasomaji hatuna njia. Mtu pekee wa bara anayewashitaki wafanyabiashara uso kwa uso tunamsikia kupitia mtu wa tatu, kisha kupitia Kiingereza cha mwandishi, na kesho kupitia Kiswahili cha mtafsiri.

Gurnah anafanya pia mzaha kuhusu tafsiri. Kalasinga, asiye Mwislamu, anajivunia mpango wa kutafsiri Kurani kwa Kiswahili. Rafiki zake wanamcheka. Lakini mzaha huo na mkasa wa Nyundo vinauliza jambo moja: nani ana haki ya kumsemea mwingine, na kwa lugha ya nani?

Swali hilo linahusu hata vyanzo vya riwaya. Watafiti wameonyesha kwamba Gurnah alitumia masimulizi ya safari za Waswahili yaliyokusanywa na Carl Velten na kuchapwa mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli. Yaani yale yaliyosemwa kwanza kwa Kiswahili yalipita katika mikono ya Mjerumani, yakaingia katika Kiingereza cha Mzanzibari, na kwa Peponi yamerudi nyumbani. Lakini kauli ya Chatu, iliyosemwa katika lugha ya bara, haijarudi kwao. Hakuna aliyeiandika.

Hitimisho

Tumeona maneno manne ya msingi. Mjomba linafunika deni kwa undugu. Rehani linaahidi kurudi ambako hakuji. Mshenzi linaondoa aibu kwa anayechukua. Mungwana linadai uhuru kwa kumshusha jirani. Hakuna hata moja lililokufa. Ndiyo maana nadhani riwaya hii ifundishwe katika kitivo chetu, na ifundishwe kwa Kiswahili, ili maneno haya yasikike kwa sauti ileile tunayoitumia nyumbani na sokoni.

Tena kazi iliyobaki ni yetu. Kauli ya upande wa Chatu inaweza kutafutwa katika Kinande, Kipiri, Kimbuba, Kitalinga na lugha nyingine za eneo letu, kwa wazee ambao bado wanakumbuka walichosimuliwa na babu zao juu ya watu waliokuja na bunduki na nguo nyeupe. Tusiwaache waondoke kabla hatujawasikiliza.

Maswali ya kujadili darasani

1. Tafsiri ukurasa mmoja ambamo Yusuf anamtaja Aziz kwa jina la undugu. Umechagua mjomba, ami au baba mdogo? Eleza chaguo lako, kisha linganisha na Peponi.

2. Katika lugha ya mama yako kuna neno gani kwa mtu aliyewekwa kwa ajili ya deni? Ni tofauti na neno la mtumwa? Mtoto wa mtu huyo aliitwaje?

3. Orodhesha majina ambayo watu wa kijiji chako huwaitia Bambuti, na yale ambayo Bambuti wenyewe hutumia kuwataja wanakijiji. Nani anamiliki nani katika sentensi hizo?

4. Mzee Hamdani: ni mtu huru au la? Jibu kwa kutumia uchambuzi wa kitenzi kupa.

5. Andika upya mazungumzo ya Chatu na Aziz bila mkalimani, Chatu akisema kwa lugha ya mama yako. Ni jambo gani unaloweza kusema sasa ambalo Nyundo hakuweza?